Kanda ya Mwisho ya Deo wa Kihanga

Mwezi uliopita niliwaachia kibanda, Jenista na Adventina, kwa sababu masikio yangu yamechoka. Mshonaji akipungukiwa macho atavaa miwani. Anayeuza sauti akianza kusikia nusu, heri afunge. Kujaza nyimbo kwenye simu mnakujua kuliko nilivyowahi kujua mimi, kwa hiyo hilo sitawafundisha. Lakini mmelalamika kwamba wazee wanakuja kuuliza habari za bendi na kanda za zamani, wanabishana mbele yenu, wanaondoka wamenuna, nanyi hamjui walichokuwa wakigombania. Hicho ndicho ninachokijua. Nitakiandika kama kilivyokuja.

Nilianza kazi hapa Omurushaka mwaka ule vita na Uganda vilipokwisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Bweranyange, nikakaa nyumbani nikipalilia migomba ya baba na kuchuma kahawa, mpaka shangazi yangu aliponiambia kuna fundi redio anatafuta mtu wa kukaa dukani yeye anapokwenda kusaka vipuri. Fundi huyo alikuwa Mzee Laurian. Awali duka lake lilikuwa Murongo, mpakani kabisa. Mabomu yalipoanza kuanguka kule, yeye na mkewe walikimbia kwa miguu pamoja na majirani. Wengine walibeba magodoro, wengine masufuria, wengine waliburuta mbuzi. Mzee Laurian alibeba kichwani redio kaseti iliyofungwa kwenye blanketi. Mkewe hakumsamehe redio wala blanketi. Waliporudi kutazama, duka halikuwa na hata mlango, na ile redio ikawa ndiyo mtaji wote.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameinamia meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaweza kukaa kimya?"

Nilidhani ananifokea. Kumbe lilikuwa swali la usaili. Alinikalisha kwenye benchi, akawasha kanda moja ya dansi, tukasikiliza mpaka ikaisha. Kisha akauliza nimesikia nini.

"Wimbo," nikasema.

"Na nini tena?"

Nikafikiri. "Kuna mvua juu ya bati. Na kuna mtu anakohoa, karibu na mwisho."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Mzee."

"Basi utafaa," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Mafunzo rasmi yaliishia hapo.

Mengine nilijifunza kwa kutazama. Umeme haukuwapo. Tulitumia betri ya gari tuliyokuwa tukiipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga, na betri hiyo ndiyo iliyokuwa bosi wetu halisi. Ikipungua nguvu wakati unarekodi, kanda inakwenda polepole bila wewe kujua. Siku nyingine ukiipiga kwa betri iliyojaa, mwimbaji mzima anageuka mtoto wa shule. Kila asubuhi tulisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Mkanda wa mpira ukikatika ndani, tulikata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Kanda ikitafunwa, tuliikunjua kwa vidole vikavu, tukakata palipoharibika kwa wembe na kuunganisha kwa selotepu nyembamba. Miaka ile hata sabuni ilikuwa inatafutwa kwa tochi, sembuse kaseti mpya. Msinicheke mkiniona nashika kaseti kwa mikono miwili.

Sasa niwaambie kuhusu Mulika Jazz, maana ndiyo wanayoigombania.

Ilikuwa bendi ya hapa hapa. Makao yake yalikuwa Kayanga, ikipiga bugi, dansi la mchana, kila Jumapili alasiri, na baada ya msimu wa kahawa ilizunguka Kihanga, Nyaishozi, mpaka Nkwenda na Isingiro, kule ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa. Kiongozi alikuwa Kamugisha, mpiga solo, mtu mrefu mwenye maneno machache na hasira nyingi. Mwimbaji alikuwa Deo wa Kihanga. Deo hakuwa na sura ya kumgeuza mtu shingo, lakini akifungua kinywa hata wauza rubisi, pombe ya ndizi, waliacha kumimina. Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Kahawa Haijaiva", wa kijana anayemwomba mchumba asubiri:

*Nisubiri mama, kahawa haijaiva,*
*Ikikauka uwanjani nitakuja na ng'ombe.*

Redio ya Dar es Salaam ilikuwa mbali kuliko mbingu. Bendi ilisubiri kuitwa ikarekodi huko, ikasubiri, haikuitwa. Kwa hiyo kama ulitaka kuisikia Jumatatu, ilibidi mtu awe ameiiba Jumapili. Kamugisha alikuwa amepiga marufuku. Alisema anayerekodi anamnyonya, na mlangoni aliweka mtu wa kupekua wanaume makoti.

Wanawake hakuwapekua. Mzee Laurian aliliona hilo kabla yangu. Alinipa kikapu, redio chini, kitambaa juu yake, ndizi mbivu juu ya kitambaa. "Kaa karibu na ukuta," akaniambia. "Mbali na ngoma za tumba. Na usicheze. Ukicheza, kikapu nacho kinacheza." Nilikuwa msichana wa kuweza kucheza, niaminini, na nilikaa bugi nzima nimekumbatia kikapu kama mgonjwa wa tumbo. Vijana walionifuata waliambiwa hapana mpaka wakaacha kuja. Nadhani ndipo nilipopata jina la kwamba ninaringa.

Kanda ile ilitoka vizuri kuliko tulivyotazamia, na habari hazikukawia kumfikia mwenyewe. Kamugisha aliingia dukani bila kubisha hodi.

"Iko wapi?"

Mzee Laurian hakukana. Alimpa. Kamugisha akaitia mfukoni, akamwambia kuwa angekuwa si mtu mzima angempiga, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi. Alisimama mlangoni akitazama barabara kana kwamba anangoja gari.

"Mzee," akasema mwisho, "ninayo kanda. Ila sina redio."

Tulimpigia. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa, kisha akaomba irudishwe pale Deo alipoingia kwenye kiitikio. Alikuwa amepiga muziki miaka yote hiyo bila kujisikia hata mara moja. Mwishoni alisema tumba iko mbele mno. Kuanzia Jumapili ile nilikaa na redio yangu mbele, kwenye kiti, kama mtu mwenye heshima zake, na nikawa ninarekodi bendi ile kila ilipopiga.

Hapo ndipo benchi la nje lilipopata wenyeji. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Pastory, aliyefundisha shule ya msingi Ihanda, mtu wa baiskeli na suruali yenye pini kwenye kifundo. Yeye na wenzake walikuja siku za gulio, wanaagiza kanda, halafu wanaanza. Ipi ni bora, "Kahawa Haijaiva" ya Kihanga au ya Nkwenda? Ile ya Kihanga ina mvua, na Deo alilazimika kupaza sauti kuishinda. Ile ya Nkwenda uzi wa gitaa la Kamugisha ulikatika katikati, naye akaendelea na nyuzi zilizobaki bila kuangalia chini.

"Ya Nkwenda," Mwalimu Pastory alikuwa anasema. "Mtu hupimwa kwa alichobakiwa nacho."

"Wewe Nkwenda hukuwapo," mwingine anamjibu. "Ulikuwa umelazwa."

"Nilikuwapo kwa masikio."

Walibishana hivyo miaka na miaka. Deo alikuwa na desturi ya kusalimia watu katikati ya sebene: salamu kwa Koku wa Ihanda, salamu kwa fulani na mkewe, salamu kwa mwalimu aliyekuja na pampu ya baiskeli mfukoni. Mwalimu Pastory alinunua kanda ile yenye pampu, na hakuna mgeni aliyefika kwake asisikilizishwe.

Halafu ukaja ugonjwa. Mwanzoni, kabla haujaitwa Ukimwi, tuliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakivushwa kutoka Uganda, kwa sababu watu walisema wafanyabiashara ndio walioukusanya huko pamoja na bidhaa. Jina lilikuwa zuri, na kwa muda tuliuchekea. Mpiga drums alikuwa wa kwanza katika bendi. Kisha mpiga besi, kisha vijana wawili wa saksafoni waliokuwa ndugu. Kamugisha alitafuta wengine, akawafundisha, akawazika na hao. Mwisho akaacha kutafuta. Mzee Laurian alitutoka miaka hiyo hiyo, yeye kwa uzee tu na kifua, na watu walipokuja matangani waliulizana kwa sauti ya chini alikuwa anaumwa nini hasa. Ilifikia hapo. Mtu hakuruhusiwa tena kufa kwa uzee.

Nilibaki na duka, na kazi ilibadilika bila mtu kuibadilisha. Wale wa benchi hawakuuliza tena kanda ipi ni bora. Walisikiliza zile salamu za Deo na kuhesabu waliobaki. Alikuja baba mmoja wa Ihanda, Mzee Rwegasira, mkulima aliyezika wanawe wote na kubaki na wajukuu. Hakupenda dansi maisha yake yote. Alivua kofia.

"Mwanangu, nasikia yule mwimbaji aliwahi kumtaja Koku wangu."

Nilimtafutia. Deo alisema, "Na Koku wa Ihanda, nimekuona, usijifiche," halafu nyuma yake msichana akacheka. Mzee Rwegasira akainua mkono kama mtu anayesimamisha baiskeli.

"Huyo anayecheka ni yeye?"

Sikujua. Ukumbi ulikuwa na wasichana wengi. Nikamwambia, "Nadhani ni yeye, baba." Alikuja tena gulio lililofuata, na lililofuata, mpaka nikamkatia kipande hicho peke yake kwenye kaseti na kumpa, na nikamwambia akisikilize kwa redio ya jirani. Kazi hii itawaletea watu kama hao. Msiwaharakishe.

Deo alianza kukonda mwaka ambao kahawa ilizaa vibaya. Alirudi Kihanga kwa mkewe, Edita, na tukasikia haimbi tena. Kisha siku moja Kamugisha alikuja dukani, akasema Deo ananiita, nije na redio.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka karibu na mlango ili apate mwanga. Ungemwona usingesema ni yule wa jukwaani, ila macho. Edita alikuwa jikoni, na mtoto wao wa kike, Adela, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikaa kizingitini akimenya karanga na kuzila. Niliweka redio juu ya kigoda. Kamugisha alikuwa na gitaa kavu, lisilotaka umeme.

"Kahawa," akasema Deo. "Polepole."

Waliimba hivyo. Deo anatoa mstari mmoja, pumzi inakwisha, na Kamugisha anazunguka na gitaa palepale, anazunguka, mpaka pumzi irudi. Sauti ilikuwa imebaki kama uzi. Kabla ya ubeti wa mwisho Edita alitokea na kikombe, hakujua redio inafanya kazi, akasema, "Deo, kunywa uji kwanza." Deo akatikisa kichwa, akaendelea. Alipomaliza, Kamugisha aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Deo akataka kusikia. Nilirudisha kanda, nikampigia. Alisikiliza mpaka katikati.

"Zima."

Nikazima.

"Huyu si mimi, Felista. Watu wanijue nilipokuwa na kifua. Hii usimsikilizishe mtu."

"Niifute?"

Deo aliitazama redio. Mtoto aliacha kumenya.

"Usifute," akasema Deo. "Iweke tu."

Nilivunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ambavyo vikivunjwa mtu hawezi kurekodi juu yake, nikaiweka kwenye mkebe wa biskuti nyumbani, si dukani. Deo alifariki kabla ya mvua za vuli.

Siri haikudumu. Majirani walikuwa wameniona naingia na redio. Arobaini haijafika, Mwalimu Pastory alikuja peke yake, si siku ya gulio.

"Dada Felista, inasemekana ipo kanda."

"Ipo."

"Tusikie."

"Alisema asisikilizishwe mtu."

Alikaa kwenye benchi akashika magoti. "Tulimfuata yule kwa baiskeli mpaka Isingiro. Tumelala chini ya miti ya watu. Leo unatunyima pumzi yake ya mwisho?"

"Ndiyo maana nawanyima, mwalimu. Ni pumzi yake."

"Alisema maneno gani hasa? Yaseme kama yalivyo."

Nikayasema. Akayachambua kama sentensi ubaoni: kwamba "usimsikilizishe mtu" ni onyo kwangu mimi nisiitangaze, lakini kama asingetaka isikike kabisa angesema futa. Nilichokuwa nacho ni uso wa Deo aliposema zima. Mwalimu aliondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata. Benchi likakaa tupu, kuku wakalichukua. Nilimwendea Kamugisha aniambie nifanye nini. Alikuwa analima maharage. Alisema gitaa ameshaliuza na hana neno la kusema juu ya muziki, akaendelea kulima.

Aliyeimaliza habari hiyo ni Edita. Alikuja dukani na Adela mkononi, amejifunga kanga mbili ingawa jua lilikuwa kali, na nilipomwona mabega nikajua na yeye anaumwa.

"Nimekuja kuchukua kanda ya mume wangu," akasema.

Sikumuuliza ya nini. Ilikuwa yake. Nilikwenda nyumbani nikamletea na mkebe wake.

Msimu wa kahawa uliofuata nilikuwa Kayanga kununua spiriti. Niliingia hotelini kunywa chai, na pale, kutoka spika iliyotundikwa juu ya kabati la maandazi, nikamsikia Deo. Nilimtambua kwa gitaa kwanza, kwa maana sauti ilikuwa imeharibiwa. Aliyedurufu alitumia betri iliyochoka, kwa hiyo mtu aliyekuwa anakufa aliimba haraka haraka, kwa sauti ya kitoto, kana kwamba anawahi gari. Mteja mmoja alicheka. Mwenye hoteli akamwambia, "Usicheke, huyo ni Deo wa Kihanga, anakata roho hapo. Nimeipata kwa taabu." Wote wakanyamaza wakasikiliza kwa adabu kubwa, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko. Chai niliiacha mezani.

Nilikwenda Kihanga moja kwa moja. Edita alikuwa amekaa uwanjani kwenye jamvi, anapukuchua maharage. Hata sikusalimia vizuri.

"Edita, waitu, umempa nani ile kanda?"

"Mfanyabiashara mmoja. Ameirudisha, iko ndani."

"Marehemu alisema isisikike!"

Aliendelea kupukuchua. "Alikuambia wewe. Mimi hakuniambia kitu."

"Ulikuwapo."

"Nilikuwa jikoni nampikia uji." Aliinua macho, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa amechoka tu. "Felista, marehemu hali. Adela anakula. Yule mtu amemnunulia sare na madaftari, na gunia la maharage ndilo hili. Mimi mwakani sitakuwapo, na wewe unaona. Deo aliniachia nini kingine? Nionyeshe, nikiuze hicho, kanda nikurudishie."

Nilitazama ile nyumba. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikaa kwenye jamvi, nikachukua maganda, nikaanza kupukuchua naye, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

"Amemfanya anaimba kama mtoto," nikasema baadaye.

"Nimesikia. Siyo sauti yake."

"Ukinipa, nitaitoa kama ilivyo. Kitakachopatikana chote ni cha Adela."

"Chukua," akasema Edita.

Nilichaji betri mpaka ikajaa, nikabadilisha mkanda wa mpira ndani ya redio, nikadurufu kanda ile kwa mwendo wake, moja moja, nikikaa nayo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nimemsikiliza Deo akiishiwa pumzi mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Wale wa benchi walirudi. Mwalimu Pastory alinunua ya kwanza, akasikiliza akitazama chini, akatoka nje akapenga kamasi muda mrefu. Baada ya wiki chache alikuwa anabishana tena: kwamba hii ndiyo bora kuliko zote, kuliko ya Nkwenda, kuliko ya Kihanga. Waliniomba niikate sauti ya yule mwanamke wa uji, inaharibu ubeti. Nikawaambia asiyeitaka asinunue. Ilitoka kuliko kanda yoyote niliyowahi kuuza. Ilivuka mto ikaingia Uganda, ilifika mpaka Bukoba. Mahali walipoisikiliza watu walinyamaza, na walimpenda Deo wa mkekani kuliko walivyompenda aliyesimama.

Edita alikufa kama alivyosema, mwaka uliofuata. Adela alichukuliwa na bibi yake, hapo hapo Kihanga, pamoja na mkebe wa biskuti na kanda yenyewe, niliyokuwa nimewarudishia. Nilikuwa nampelekea kilichopatikana, sare ikichanika, daftari likiisha. Alikuwa mtoto mkimya. Kila nilipofika kulikuwa na mgeni amekuja kumtazama binti wa Deo, na bibi, kwa ukarimu, anaazima redio ya jirani, anawapigia. Mtoto aliletewa kigoda akae karibu na spika.

Kisha Wanyarwanda wakavuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao, kambi zikajaa, barabara zikajaa magari meupe, bei ya betri ikapanda, na kwa muda watu hapa walikuwa na vifo vya wengine vya kuzungumzia. Mwalimu Pastory alistaafu akarudi kwao. Benchi nililivunja mwenyewe, lilikuwa limeoza miguu.

Adela alikuja dukani akiwa msichana mkubwa, anakaribia kumaliza shule ya msingi. Aliniamkia, akatoa kaseti kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama Felista, naomba unidurufie. Ni kwaya yetu ya vijana, hapo kanisani. Redio ilikuwa ya mchungaji."

Niliipokea kwa mikono miwili na nikaitambua papo hapo, kwa rangi na kwa mkwaruzo wake. Pale juu, kwenye vile vitundu viwili nilivyovivunja mwenyewe, mtu alikuwa amebandika karatasi vizuri sana, zimekunjwa kingo, ili irekodike tena. Nikaitia kwenye redio. Kwaya ilianza, tenori wakichelewa kidogo. Nikaipeleka mbele. Kwaya. Nikageuza upande wa pili. Kwaya.

"Adela," nikasema, "ulijua kilichokuwa humu?"

"Ndiyo."

"Chote?"

"Chote." Hakuinamisha kichwa. "Kila mtu akija nyumbani anataka kumsikiliza baba akifa. Wanasema ni nzuri. Bibi ananiita nikae karibu. Mimi sijawahi kumsikia baba yangu akiwa mzima, mama, hata siku moja. Ni kufa tu, kila wageni wakija."

Nilizima. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake naye alikuwa humo, na uji wake, lakini nilimtazama nikaona analijua hilo kuliko mimi. Nje watu wa gulio walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Alisimama kaunta akingoja nimgombeze, na alikuwa amejiandaa, vidole vimeshika ukingo wa meza.

Nakala nilizouza zipo kwa watu, zinachakaa, na ndizo hizo ambazo wazee wanaziulizia mkiwa kibandani. Waambieni asili haipo. Msiwaambie zaidi.

Nilirudisha kanda mwanzo, nikamvutia kiti akae, nikamwuliza wanakwaya wanataka nakala ngapi.